Tundu la Tanuri

Sikilizeni, wanangu, na wewe Arkhipo usinikatize kwa kuniambia nipumzike, maana nitapumzika vya kutosha. Karakana hii ni yenu wawili: gurudumu la kufinyangia na udongo uliobaki ni vyako, brashi ni za dada yako Melita, kwa kuwa mkono wake ni mwepesi kuliko wangu hata nilipokuwa kijana. Tanuri sijaligawa, kwa sababu nusu yake si yangu.

Baba yenu mdogo, Lakhe, hakuliharibu lile jungu lenye picha ya shujaa Akile akimuua malkia wa wanawake wapiganaji. Miaka kumi na tisa nimewaambia alisinzia, nilidanganya. Alilichora siku arobaini, na yule malkia alimtazama muuaji wake kwa macho ambayo sijaona mtu mwingine akiyachora. Siku ya kuchoma, tulikuwa tumetia kuni mbichi na kuziba tundu la tanuri ili moshi utoe ule weusi wa picha; Lakhe akaenda kisimani, akaniambia, "Kaka, usiguse mpaka nirudi." Nikagusa. Nilikuwa na hamu ya kuona, nikazibua tundu tanuri likingali kali mno, hewa ikaingia, na weusi wote ukageuka mwekundu, Akile na malkia wake wakapotea kama hawakuchorwa.

Mwenye jungu alilitaka kwa kaburi la mwanawe. Alipokuja akilia, nilinyoosha kidole nikasema, "Huyu hapa alilala." Lakhe akanitazama. "Kaka, hebu sema tena." Nikasema tena, mbele ya mtaa mzima wa wafinyanzi, na tangu hapo hakuna aliyempa kazi Athene. Yuko Megara, anafyatua vigae vya mapaa.

Arkhipo, kesho nenda Megara. Usimpelekee maneno matamu. Mwambie, "Kaka yako amekiri kwamba ndiye aliyezibua tanuri," kisha urudi uyaseme hayo hapa sokoni, kwa sauti, wafinyanzi wote wakisikia. Nusu ya tanuri ni yake, aje asije. Melita, nipe maji... basi, yanatosha.

Mkinizika, ile chupa nyeupe ya mafuta, tunayomwekea maiti kaburini, nataka aichore Lakhe. Akikataa, msimbembeleze, wala wewe Melita usiichore kwa kunihurumia. Iwekeni hivyo hivyo, nyeupe.

Athena, mungu wa mafundi, aiongoze mikono yenu, wanangu. Mkae... mkae pamoja. Nigeuzeni upande huu. Hapo... hapo hapo.