Historia ya Fundi Mshale, Aliyefuta Njia

Ndugu waombolezaji, mliokaa na mliosimama kule nyuma kwenye ukuta wa makaburi, mimi ni mtoto wa dada yake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mjomba wetu ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Mshale, ila naomba radhi mapema, kwa kuwa tulikuwa tumeandika historia tamu kuliko hii, tukamsomea mjane jana asubuhi, akatusikiliza mpaka mwisho, akasema tukairudie, maana mtu hazikwi nusu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1949, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa nne wa mpasua magogo na mfua nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1957 na kumaliza mwaka 1964 kwa shida, si kwa ujinga bali kwa utoro, kwani mwalimu akigeukia ubao yeye ameshapita dirishani kumfuata baba yake msituni, na huko ndiko alikojifunza kusoma udongo, akitazama unyayo tu anakuambia nani amepita, amebeba nini, na kama alikuwa na haraka.

Februari 1970 aliingia jeshini, na mwaka uliofuata vita vilipohamia kwenye msitu mkubwa, msitu wa mvua isiyokatika, ambako saa sita mchana kuna giza kama magharibi na buti zinaoza mguuni, alipewa kazi ya kupasua njia kwa panga mbele ya kikosi, huku akibandua gome la mti huu na ule kwenye kimo cha goti, kwa sababu wabeba machela waliokuja nyuma walitembea wameinama kwa uzito, na aliyeinama haoni kilicho juu. Kikosi kikirudi, yeye ndiye aliyebaki wa mwisho, akipaka tope kila alama ili adui asiifuate.

Kati ya wabeba machela hao alikuwepo rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliyepewa jina la Kimya kwa sababu kimya hakukijua, aliongea akila, aliongea akibeba, na wenzake walidai hata usingizini alikuwa anamalizia hadithi ya jana.

Tarehe 17 Novemba 1971 walishambuliwa kwenye kivuko cha mto, wakaamriwa kurudi, marehemu akauliza kama machela imepita, sajenti akamjibu kwamba imepitia kivuko cha chini na afute upesi, naye akainama kutazama ardhi pale njia ya kivuko cha chini inapoungana na yao, hakuona zile nyayo zinazozama kisigino za watu wawili wanaokwenda hatua moja, akajua kabisa kwamba Kimya, mwenzake na majeruhi wao bado wako nyuma, lakini risasi zilikuwa zinakaribia na woga ulimshika, akachota tope akafuta. Alipofika mti wa mwisho aliisikia kwa mbali sauti ya Kimya, ikiuliza jamani njia ni ipi, ikauliza tena, na yeye hakuitika. Wale watatu hawakuonekana tena, jeshi likatangaza kwamba waliuawa na adui, na marehemu akanyamaza.

Alipoachishwa jeshi mwaka 1974, alipeleka begi la Kimya kwa dada wa huyo Kimya, fundi cherehani, akamwambia kaka yako alikufa papo hapo, hakuteseka, kisha akarudi wiki iliyofuata kuziba paa, akarudi tena kutengeneza mlango, mpaka majirani wakauliza ni nyumba gani hiyo isiyokwisha kuharibika, na tarehe 6 Desemba 1975 wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto watatu, kifungua mimba akapewa jina halisi la mjomba wake. Watu waliusifu sana upendo huo, kumbe mwenyewe kila alipomwita mwanawe aje kula, moyo ulimsuta.

Tangu 1976 hadi alipostaafu mwaka 2009 alikuwa mchora alama wa halmashauri ya mji, na mishale yote mnayoiona sokoni, stendi na hospitalini ni mkono wake, mingi kupita ilivyoagizwa, na ile ya hospitali aliichora chini kabisa ukutani, bosi wake akamfokea kwamba hawachorei watoto, naye akajibu kwamba mgonjwa huinama.

Machi 2021 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa tarehe 2 Juni, na hata akiwa juu ya kitanda cha magurudumu alimgombeza mhudumu kwamba rangi ya mshale wa kwenda eksirei imebanduka na watu watapotea. Tarehe 20 Juni alimweleza mkewe yote niliyowasomea, mke akachukua mkoba wake akaondoka, akakaa siku nyingi bila kurudi, na sisi wajuaji tukamsema kwamba amemtupa mume, wakati mgonjwa mwenyewe alikuwa akiutazama mlango tu na kusema ana haki. Aliporudi aliuliza jambo moja, kama sauti ile ilikuwa inalia au inauliza tu, mume akasema ilikuwa inauliza tu, naye akavuta kiti, hakubanduka hapo mpaka marehemu alipokata roho tarehe 4 Julai saa nne asubuhi.

Mjane ameniagiza niseme wazi kwamba hajamsamehe, asije mtu akampa hongera kwa kitu ambacho bado hajakitoa. Lakini mlioshangaa mishale mibichi kwenye miti, kuanzia barabara kuu mpaka hapa makaburini, ni yeye aliyeichora jana kwa rangi aliyoiacha mumewe, ameinama na mgongo wake ule, yote kwenye kimo cha goti, kwa ajili ya aliyebaki nyuma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi msibani, na wafanyakazi wenzake wa halmashauri waliokuja na ngazi na brashi zao bila kuitwa, hatuna cha kuwalipa.

Pumzika kwa amani, mjomba, na ukimkuta Kimya huko, mwache aongee yeye kwanza.