Mto wa Koplo Ilaitia

Kijiweni kwetu Levuka, kwenye benchi lililo mbele ya duka la mikate, mchana huwa hauna haraka. Yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, inapitishwa kwa kifuu cha nazi, ulimi unaanza kufa ganzi, na bahari iliyo ng'ambo ya barabara inaonekana kama imesogea karibu isikilize. Siku hiyo Ilaitia, ambaye tunamwita Koplo, alikuwa anatusomea kitabu alichoandika juu ya vita vya Malaya, walikopelekwa askari wetu wa Fiji. Alifika pale anapombeba mgongoni rafiki yake Timoci aliyejeruhiwa, wanavuka mto, mpaka Timoci anakata roho kunapopambazuka.

Peceli akamkatiza. Naye alipigana huko, na kwa jinsi anavyopenda usahihi tumembandika jina la Nukta.

— Koplo, mto haukuwepo. Na wiki ile wewe ulikuwa hospitali, malaria imekulaza.

Ilaitia hakukasirika. Alisema anajua alikuwa hospitali, lakini pia anaujua uzito wa Timoci, na maji yalimfika kifuani.

Savenaca, yule tunayemwita Redio, hakukubali kupitwa. Alidai homa kali humtoa mtu kitandani na manesi wasijue. Alipoona tunamsikiliza, akaongeza kwamba huenda mto wenyewe ulikuwa wa hukuhuku Fiji, ulimfuata Koplo vitani. Mimi nilicheka. Nukta hakucheka, alisema kitabu kitasomwa na wajukuu, na uongo ukishachapwa haufutiki.

Mereoni, dada yake Timoci, alikuwa ametoka dukani na mkate wake. Hatukujua alikuwa amesimama nyuma yetu tangu lini.

— Kaka Peceli, kama si Ilaitia, nani alimbeba?

Nukta alikuwa ameshika kifuu, hakunywa. Yeye alikuwepo asubuhi ile Timoci alipokufa, na hakuona mtu amembeba. Akakiweka kifuu chini, akatazama bahari. Ilaitia, kwa aibu, akaanza kukifunga kitabu.

Mereoni akamshika mkono, akaketi katikati yao wawili, mkate mapajani.

— Soma, kaka. Ila polepole. Acha nikae na Timoci kidogo akiwa bado hai.