Mota Iliyokataa Kuzima

Wazee wangu shikamoni, na mafundi wenzangu wa Kihonda, poleni na kazi. Mwenyekiti amenipa kiti, lakini nasimama ili muuone mkono huu wa kushoto. Hesabuni vidole, mkimaliza tuendelee, maana najua mtu akihesabu hasikilizi. Ni vitatu. Viwili vimebaki bwawani Mindu, na leo nitawaeleza vilifikaje huko, kwa sababu kwa muda mrefu niliwaacha mwamini habari ambayo si ya kweli.

Jina langu la kazini mnalijua. Dairekti. Nililipenda sana jina lile. Friji inazima hovyo, wenzangu wanahangaika kutafuta kasoro, mimi nachukua kipande cha waya, naruka swichi, naunga dairekti, inawaka. Pasi, dairekti. Pampu ya kisima, dairekti. Mteja anaondoka anacheka. Ndugu zangu, nawaambia, hakuna pombe inayolevya kama mteja anayeondoka anacheka. Na msiangalie chini, humu ndani siko peke yangu.

Siku moja akaja mama mmoja, Mluguru wa kule juu mlimani, mtu mzima kunizidi. Kazi yake ni kununua samaki kwa wavuvi wa ng'ambo ya bwawa na kuwavusha kuja upande wa barabara. Alipiga kasia miaka mingi mpaka bega la kulia likagoma. Shemeji yake wa Dar akamletea mota ya umeme ya kufunga nyuma ya boti. Zile ndogo, mmeziona: betri iko kichwani, pembeni mpini wa kuongozea, chini panga la kusukuma maji. Haina petroli wala moshi. Kazi ikiisha unaifungua, unaibeba begani kama mkungu wa ndizi, unakwenda kuichaji nyumbani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Mashine yangu inazima yenyewe. Nikiwa katikati ya maji, kimya. Nawasha, inaenda. Baada ya muda, kimya tena."

Niliifungua. Nikapima betri, nikapima nyaya, nikazungusha panga. Nzima kabisa. Tatizo lilikuwa kikamba chekundu. Mota ile ina kipande cha sumaku kinachokaa pale juu, na sumaku imefungwa kwenye kikamba unachovaa mkononi. Sumaku ikichomoka, mota inazima. Yule mama akiinama kuvuta kapu la samaki, kikamba kinakazika, sumaku inatoka.

Kwenye boksi kulikuwa na maandishi ya Kichina na picha moja. Maandishi sikuyajua. Picha niliiona: mtu anadondoka majini, kikamba kiko mkononi mwake, na boti imesimama. Naomba mnisikie vizuri hapo. Sikukosa kujua. Nilijua, nikasema moyoni, watu wa bwawani hawadondoki, hayo ni mambo ya wazungu na watalii.

Halafu kuna ile tabia yetu. Fundi hawezi kumwambia mteja kwamba mashine yako nzima. Utaonekana hukufanya kitu. Nikachomoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, nikaibandika pale juu kwa gundi, nikazungushia na utepe mweusi. Nikawasha. Nikaitikisa, nikaigonga. Haikuzima.

Mama akauliza, "Na kikamba changu?"

Nikamjibu, "Kafungie mbuzi."

Tukacheka wote. Wiki ile ile wakaja wengine watatu wa bwawani wenye mota kama ile. Wao hata walidhani kikamba ni mkanda wa kubebea. Nikazibandika zote. Mota nne, sumaku nne za spika. Kule bwawani nikawa mtu wa kupewa samaki bila kuomba.

Siku ya ajali nilikwenda kujaribu mota ya mwisho, ya mzee mmoja mvuvi. Kujaribu ni jina tu. Nilikwenda kutamba. Nilisimama wima nyuma ya boti, mkono mmoja kwenye mpini, mwingine nawapungia wavuvi kama mheshimiwa. Lile bwawa lina visiki vya miti ya zamani chini ya maji. Boti ikagonga kisiki, nami nikaingia majini kichwa kwanza.

Nikaibuka nikitarajia kuiona boti pale pale. Haikuwepo. Mpini ulikuwa umegeuka wenyewe na boti inazunguka, haina mtu, inarudi ilikotoka. Na ilikotoka ndiko nilikokuwa mimi. Mara ya kwanza ilinipita. Mara ya pili nikainua mkono nidake ubavu wake, ubavu ukateleza, na nyuma ya ubavu kuna panga. Sikusikia maumivu. Niliona maji yamebadilika rangi, nikaelewa.

Na boti ikaenda kugeuka tena.

Yule mama wa mlimani alikuwa karibu, kwenye mtumbwi wa mvuvi mmoja, akichagua samaki. Aliona boti inakuja mara ya tatu. Akaunyakua wavu mpya aliokuwa amewanunulia wavuvi wake, akaurusha wote mbele ya panga. Wavu ukajisokota, mota ikakoroma, ikanyamaza. Wakanivuta mtumbwini kama furushi.

Hospitali walinisaidia sana, vidonda vikapona. Kilichokuwa hakiponi ni kingine. Kila aliyekuja kunipa pole nilimwambia, "Ni kisiki tu, ndugu yangu. Mipango ya Mungu." Ninyi pia mlikuja pale nyumbani na mchele na sukari, nikawaambia kisiki. Mkalaani kisiki, nami nikaitikia. Wakati huo mota nne ziko bwawani na sumaku zangu, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba bila sumaku zile, mtu akidondoka boti ingesimama.

Kwa nini sikusema? Aibu. Nilijiona nimebakiwa na vidole vitatu na jina moja, na jina nikilipoteza sina kitu. Kazi nayo iliniogopesha. Nilikuwa nikishika bisibisi, inadondoka. Nikafunga banda. Mke wangu akawa anauza vitumbua asubuhi, mimi nimekaa barazani nasubiri kusikia mbio za bodaboda, kwamba huyu anakuja kuniambia fulani kafa. Niliishi hivyo miezi.

Kisha yule mama akaja kunijulia hali, na ndizi zake kutoka mlimani. Ana furaha. Akasema, "Fundi, Jumamosi tunamtoa mwali. Mpwa wangu. Mama yake mkubwa yuko ng'ambo, kwa hiyo tunavuka na akina mama wote, na ngoma, mpaka kwake. Nitavusha mimi mwenyewe."

Wenye asili ya Uluguru mnajua akina mama wakimtoa mwali wanakuwaje. Hawakai. Wanaimba wamesimama, hata ndani ya boti watasimama, na huyu mama akiwa nyuma kwenye mpini ndiye atakayewaongoza kucheza. Nikaiona ile boti inageuka. Nikawaona akina mama majini na kanga zao.

Nikasema, "Mama, usivuke." Halafu nikamwambia yote. Picha kwenye boksi, spika, gundi. Nilikuwa nalia, sioni haya kusema.

Akasema, "Mimi nilitupa wavu wangu kwa ajili yako. Wewe umenikalisha juu ya mashine hiyo miezi yote?"

"Ndiyo, mama."

"Kesho asubuhi uje bwawani. Utawaambia wenzangu kama ulivyoniambia mimi. Njoo na vyombo vyako."

Hapo ndipo nilipogeuka, ndugu zangu. Ilikuwa amri ya mteja niliyemkosea, wala hakunibembeleza.

Kesho yake nikaenda, nikasema mbele ya watu. Mzee mvuvi akanitukana, nami nikamwambia ana haki. Nikaanza kubandua sumaku kwa kisu. Yule mzee akasema, "Sawa, umetoa. Ikianza kuzimazima katikati ya maji, utakuja kunivuta wewe?"

Swali zuri. Ndilo nililopaswa kujiuliza siku ya kwanza. Nikamwomba mama aniruhusu niingie naye botini, nikae tu, nimtazame akifanya kazi. Sijawahi kufanya hivyo tangu niwe fundi. Nikaona: anaongoza kwa mkono wa kushoto kwa sababu ya lile bega, kikamba kakivaa mkono wa kulia, na kapu liko kulia vilevile. Akiinama, lazima kichomoke. Tukakihamishia kiunoni, kwenye mkanda, nikakirefusha kidogo kwa kamba ya wavu. Kikamba chenyewe alikuwa nacho. Miezi yote hiyo kilining'inia kwenye msumari nyumbani kwake.

"Mbuzi wangu alikataa kuvaa," aliniambia.

Akainama, akavuta kapu. Mota ikaendelea. Kazi ile haikufika nusu saa.

Jumamosi nikaenda, nikasimama ukingoni. Wakaingia akina mama, mwali katikati kafunikwa kanga, ngoma, vigelegele. Yeye nyuma, mkanda kiunoni. Hawakufika mbali. Wimbo ukakolea, shangazi mmoja mnene akarudi nyuma akicheza, akampiga kikumbo, na mama wa watu akaenda majini chubwi.

Na mota ikazima. Nilikuwa nimeshaingia maji ya magoti bila kujua. Boti ikasimama pale pale hatua mbili kutoka kwake, inayumba tu. Akashika ubavu, wenzake wakamvuta, kilemba kinachuruzika. Akakaa, akarudisha sumaku mahali pake, akaniangalia kule ukingoni, akanyoosha mkono juu. Wakaendelea na wimbo. Mimi miaka yote nimelipwa kwa kufanya mashine ziwake, na sijawahi kufurahi kama siku ile niliyoisikia moja imezima.

Leo banda liko wazi. Bisibisi naishika hivi, kwa vidole vitatu, na haidondoki. Namshukuru yule mama, ambaye siku hizi ananiita mwanangu. Namshukuru mke wangu na vitumbua vyake. Nawashukuru ninyi kwa mchele na sukari, na mnisamehe kwa kile kisiki. Funzo langu ni fupi: kabla hujaondoa kitu kwenye mashine ya mtu, kaa naye akiwa kazini, ujue kile kitu kinamlinda na nini. Na mashine ikiwa nzima, mwambie mteja ni nzima. Hutakufa.

Ila sijamaliza, na hiki ndicho kilichonisimamisha leo. Mota zilikuwa nne. Nimebandua tatu. Ya nne mwenyewe alishaiuza mnadani kwa mtu asiyemjua, na nimeitafuta mpaka Kingolwira. Haitakuja kwenu kama mashine mbovu. Italetwa kubadilishwa bolti, au kukazwa mpini, na mteja ataisifu mbele yenu, atasema tangu ainunue haijawahi kuzima hata mara moja. Akisema hivyo, mafundi wenzangu, msimwache aondoke nayo. Niiteni, hata niwe wapi, nitakuja.