Mzee Namba Nne na Pakiti Zake

Baba yetu mpendwa, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa tano wa fundi viatu. Alisoma shule ya msingi hadi darasa la saba. Mwenyewe alidai kwamba kila mwaka alishika nafasi ya kwanza. Shangazi, aliyesoma naye darasa moja, ameomba hilo lisisomwe.

Mwaka 1974 aliajiriwa katika kiwanda cha vinywaji, na tangu 1983 aliendesha mashine namba nne, iliyojaza juisi ya chungwa katika pakiti ndogo za plastiki, za kunywa mara moja na kutupa. Kila pakiti ilipigwa namba ya mashine yake pembeni. Baba alijigamba kwamba zake hazivuji. Ni kweli hazikuvuja, na hazikufunguka pia. Siku moja alimfungulia mpakiaji mmoja wa kike pakiti kwa meno, ikapasuka na kumlowesha yule dada mpaka kwenye nyusi. "Kwenu mkasi hamna?" akauliza dada wa watu. Walifunga ndoa tarehe 12 Julai 1986, na zawadi ya kwanza ya Mama kwa mumewe ilikuwa mkasi.

Alistaafu mwaka 2011. Aprili 2016 mtaro wa mtaa wetu uliziba, maji yakaingia dukani kwa jirani yetu, fundi cherehani, yakaharibu nguo za wateja. Baba alikwenda kusaidia kuzibua. Kwenye tope akaopoa pakiti kuukuu, picha ya chungwa bado inang'aa, na pembeni namba nne. Siku hiyo hakugusa chakula. Kesho yake akaingia mtaroni na gunia, na ikawa ndiyo kazi yake kila asubuhi. Ndipo alipoitwa Mzee Namba Nne.

Tatizo ni kwamba aliokota za namba nne tu. Nyingine alizisoma vizuri, akazirudisha palepale.

"Mzee, unachambua takataka kama mchele?" fundi akamuuliza.

"Hizi si zangu. Kila mtu aokote zake."

"Na maji yaliyoingia dukani kwangu yalikuwa ya namba ngapi?"

Baba alinuna wiki nzima. Mama alipomwambia kwamba fundi amesema kweli, akaongeza wiki ya pili. Za namba saba ndizo hakutaka hata kuzisikia, maana yeye na mwendeshaji wa mashine hiyo waligombania feni mwaka 1994. (Mzee wetu huyo yupo, mstari wa tatu. Karibu sana.) Fundi akaacha kumsalimia, na hilo lilimuuma Baba kuliko alivyokubali kusema.

Desemba iliyopita moyo ulianza kumsumbua. Alilazwa tarehe 9 Februari 2024 na kufariki tarehe 14, saa nne asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono. Muuguzi alitukabidhi koti lake. Mfukoni mlikuwa na ule mkasi na pakiti tisa zilizooshwa na kukunjwa. Mama alivaa miwani akazisoma moja moja. Hakuna hata moja ya namba nne. Tatu zilikuwa za namba saba.

Mama alicheka, kisha akalia. "Mkaidi huyu! Si angeniambia tu?" Alizipeleka mwenyewe kwa fundi.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita, dada mmoja na magunia kumi na manne uani. Maji ya kunywa yako kwenye pipa, vikombe viko mezani. Anayetaka ya pakiti asubiri msiba mwingine. Suti aliyovaa Baba imeshonwa na fundi, bila kuombwa, na ina mfuko mkubwa.

Pumzika sasa, Baba. Zilizobaki tutaokota sisi, za kila namba.