Kijiko Kimoja tu cha Ngano

Ndani ya basi la mjini Puebla, Meksiko, Otilia alikuwa amepakata sufuria ya mchuzi wa enchilada, chapati za mahindi za kuviringishwa, aliompikia mkamwana wake, Yareli, ambaye daktari alimkataza ngano. Mwanamke aliyeketi kando yake, ambaye hawakujuana, alinusa akasifu, kisha akauliza mchuzi umekuwaje mzito kiasi kile.

"Kijiko kimoja tu cha unga wa ngano," Otilia alimnong'oneza. "Haya ni madeko ya wasichana wa siku hizi. Mwezi uliopita alikula na hakufa."

"Hongera, mama! Hakufa. Basi alishinda chooni siku ngapi?"

"Mbili," alisema Otilia, akageukia dirisha.

"Mbili tu! Kweli ni madeko. Mwanangu ana ugonjwa huohuo, yeye hudeka wiki nzima." Mwanamke akashusha sauti. "Mimi huloweka pilipili kavu, nikazisaga pamoja na chapati ya mahindi iliyokaangwa. Mchuzi unakuwa mzito wenyewe."

"Usinifundishe! Bibi yangu alipika hivyohivyo."

"Maskini bibi. Angekuwa na mkamwana wa kumkomoa, naye angetia ngano."

Abiria wa nyuma, waliokuwa wametega masikio, wakacheka. Otilia alikikaza kifuniko cha sufuria. Hakuwa amewahi kulisikia jambo hilo likitajwa kwa jina lake.

Basi liliposimama, Yareli alikuwa akingoja kituoni, amekonda, ameshanyoosha mikono kupokea sufuria. "Asante, mama. Haina ngano, sivyo?"

Abiria wakachungulia madirishani.

"Imo," alisema Otilia.