Saa Nzima ya Kuchambua Omena

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa zake! Mnivumilie leo, maana habari niliyo nayo ni ya aibu, na mwenye aibu ni mimi.

Naitwa Risper, wa Migosi. Kazi yangu ni kukaa na watoto wanapotembelewa na wazazi wao. Mahakama ikimwondoa mtoto nyumbani, anapelekwa kwa mama mlezi, na mzazi anaruhusiwa kumwona Jumamosi kwa saa moja, mbele yangu. Mimi huketi kwenye kona na fomu, siongei, naandika ninachoona. Afisa wa watoto anasoma, hakimu anasoma. Kalamu yangu inaweza kumrudisha mtoto kwao au kumzuia.

Sasa niwaambie nilivyokuwa. Mume wangu alifariki kabla hatujapata mtoto. Nikitoka asubuhi nilikuwa naacha redio ikiongea, ili jioni nikifungua mlango nisikie sauti ya mtu. Jamani, upweke! Hapa kanisani niliimba kwa nguvu kuliko wote, mkadhani nina furaha. Na kila Jumamosi nilitazama watu wakikumbatiana, kisha nikarudi kwenye nyumba ambamo hamna hata wa kuniuliza nimekula nini.

Basi akaja mama mmoja kutoka Usenge. Nitamwita Mama Akoth, si jina lake. Alikuwa amezama kwenye chang'aa mpaka majirani wakamkuta binti yake wa miaka sita amefungiwa ndani, na njaa ya siku mbili. Lakini pombe alikuwa ameiacha kabisa, akaanza kuuza omena, vile visamaki vya ziwani. Siku hiyo alikuja nazo. Akazimimina kwenye sinia, wakaketi sakafuni magoti yakigusana, wakaanza kuchambua, wakitoa mchanga na vipande vya makonokono. Saa nzima! Walinong'onezana, mtoto akacheka mpaka akamwangukia mama yake begani.

Nikaandika: "Mama hakucheza na mtoto. Alimfanyisha kazi saa nzima."

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa Luanda Kotieno, ufuoni mwa ziwa! Nimekua nikichambua omena na mama yangu, na ni hapo kwenye sinia aliponisimulia kila kitu alichokijua. Mama wa ufuoni haketi kumkodolea mtoto macho na kumhoji habari za shule. Anaongea huku mikono inafanya kazi. Afisa wetu ametoka mbali, hangejua. Mimi nilijua. Niliandika kwa wivu.

Kwa maneno yangu hayo ziara zikasimamishwa mpaka siku ya kesi, na ofisini wakaanza kusema mtoto atafutiwe familia nyingine, moja kwa moja. Mama Akoth hakuambiwa. Jumamosi akafika langoni na mfuko wake wa omena.

"Madam, nimekosea wapi? Niambie tu, nirekebishe."

"Ni ofisi imeamua, Mama," nikamjibu, nikafunga lango. Alibaki amesimama pale nje muda mrefu.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwa mama mlezi kumwangalia mtoto. Nikamkuta Akoth sakafuni peke yake, anachambua maharagwe, ameyagawa mafungu mawili.

"Hii ingine ni ya nani?"

"Ya mama. Nimemfanyia, akikuja asichoke." Kisha akasogea kunipa nafasi. "Madam, bed piny. Wewe pia fanya."

Nikaketi. Akaanza kunisimulia habari za paka wa jirani, za jino lake linalotikisika, za mwalimu anayepiga chafya, mfululizo, bila hata kuniangalia. Tangu tumzike mama yangu hakuna mtu aliyewahi kunisimulia hivyo. Nikalia mbele ya mtoto! Nikasema, Yesu, nimemnyang'anya huyu kitu ambacho mimi mwenyewe nakililia. Nitoe kwenye huu wivu, hata nikipoteza kazi.

Na Bwana akanitoa! Jumatatu nilimweleza afisa yote. Akavua miwani. "Risper, unajua kwa hii maneno unaweza enda nyumbani kabisa?" Nikasema najua. Nikayarudia mbele ya hakimu. Nilipewa barua ya onyo, nikaondolewa kwenye kesi ile. Ziara zikarudi, na baada ya miezi kadhaa Akoth akarudishwa kwao. Haleluya!

Nilisafiri mpaka Usenge kuomba msamaha. Mama Akoth alikuwa anaanika omena. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusamehe, Madam. Lakini ile siku ya kwa lango, hiyo sitasahau."

Hakunikaribisha kuketi, wala simlaumu. Akoth alinipungia mkono kwa mbali, akarudi kwa mama yake.

Namshukuru Mungu, ndugu zangu. Siku hizi namwona mama akimkumbatia mtoto wake na moyo wangu unatulia, naandika nilichokiona. Upweke bado upo, siwezi kuwadanganya madhabahuni. Wewe uliye na uchungu umeuficha ndani ya nyimbo, mwamini Yesu, mwambie jinsi ulivyo, usingoje mpaka umuumize mtoto wa mtu. Nami naanza leo, mbele yenu: ibada ikiisha, sina mtu wa kula naye chakula cha mchana. Naomba mmoja wenu anichukue.