Mzee Tulieni, Fundi Lifti Aliyekwama Katikati ya Sala

Mchungaji, wafiwa wenzetu, majirani na mafundi mlioacha kazi kuja kumsindikiza: poleni, na asanteni. Mpendwa wetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, wa kwanza kati ya watoto wawili wa kiume. Baba yao alifariki mapema, mama akawalea kwa cherehani moja. Ndiye aliyemfundisha kusali, mguu ukiwa kwenye pedali. Uzi ukikatika mama alisema, "Bwana, ngoja kidogo," akapitisha uzi kwenye sindano, akaendelea pale alipoachia. Marehemu alikua akidhani watu wote husali hivyo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1969, kisha akasomea umeme katika chuo cha ufundi hadi 1972. Hesabu alizimudu. Kuimba, tuseme ukweli, hapana. Kwaya ilimwondoa kwa upole na kumkabidhi kazi ya kupanga viti.

Januari 1973 aliajiriwa kuwa fundi wa lifti, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2011. Lifti ikikwama na watu ndani, alisogeza mdomo kwenye upenyo wa mlango na kusema, "Tulieni, nawasikia." Ndipo akapewa jina hilo, Mzee Tulieni. Kabla ya kufungua chumba cha mitambo alivua kofia na kusema kwa sauti, "Bwana, mkono wangu usitetemeke, na waliomo wasiogope. Amina." Siku moja fundi mwenzake alimtania: "Mzee, mbona fupi hivyo?" Akajibu, "Wewe ungekuwa umekwama humo ndani, ungetaka nisali ndefu?"

Tarehe 6 Desemba 1978 alifunga ndoa na mkewe, muuguzi, wakajaliwa watoto watatu. Kila asubuhi, kabla ya chai, aliwataja wote mbele za Mungu mmoja mmoja, na alijua nani ana mtihani na nani ana jino bovu. Kanisani alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa, akawa anaongoza sala ile ambayo Bwana alitufundisha.

Hapa wasifu huu hauwezi kupita kwa kunyata, kwa sababu mwenyewe alikataza.

Juni 2004 mama yao alifariki. Marehemu alikuwa safarini, akifunga lifti katika hospitali ya mji mwingine. Mdogo wake, dereva wa malori, alituma ujumbe ofisini, akangoja siku moja, kisha akazika. Kaka alifika siku iliyofuata akiwa bado amevaa ovaroli, akakuta udongo mbichi. Alisema neno moja tu: "Hukunisubiri?" Hawakusemezana tena kwa miaka kumi na minne.

Tangu hapo, alipoongoza sala na kufika pale tunapoomba tusamehewe kama nasi tulivyosamehe, alinyamaza. Washarika walisema sehemu ile bila yeye, naye akaungana nao mbele. Mchungaji wa wakati huo alimwita. "Mzee, sema tu, hata kama moyo haujafika." Akajibu, "Mchungaji, watu naweza kuwadanganya. Pale naongea na nani?" Akaomba apumzishwe kuongoza, akarudi kwenye viti vyake. Lakini kusali hakuacha. Mkewe anasema kila asubuhi, akishamaliza kuwataja watoto, alivuta pumzi na kuongeza, "Na yule." Basi. Jina lilimshinda, ila siku haikupita bila kumtaja.

Mwaka 2017 figo zilianza kumsumbua. Julai 2018 alilazwa, na madaktari hawakumficha kitu. Kilichomnyima raha si kifo. Aliogopa kuondoka akiwa bado amekwama pale pale kwenye sala. Akamwambia mkewe, "Niitie yule."

Yule alifika Jumapili tarehe 5 Agosti, saa kumi jioni, na mfuko wa machungwa. Kaka alimtazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Afadhali mimi umenikuta," akasema.

"Nimekuja, kaka."

"Sali basi. Nitafuatia."

Wakaanza, mke akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Walipofika pale, kaka akanyamaza. Mdogo mtu naye akanyamaza. Angesemaje peke yake? Kimya kikawa kirefu, hadi mke akainua kichwa: "Baba watoto, Mungu anasubiri, na magoti yangu yanauma."

Mzee Tulieni alicheka mpaka akakohoa. Kisha akayasema maneno yale, yote. Akayarudia mara ya pili, polepole, machozi yakimtoka bila aibu. Mdogo wake akasema, "Nilikosea, kaka. Ningesubiri." Akajibu, "Nami ningekuuliza kwa nini." Wakamaliza sala, wakamenya machungwa.

Kabla ya kuagana alimshika mkono. "Wasifu wangu utausoma wewe. Usinipambe. Na kile nilichonyamazia, uwaambie watu, maana wamo wengi wananyamaza kama mimi."

Alifariki Alhamisi tarehe 9 Agosti 2018, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka sitini na saba. Mkewe alikuwa akisali kwa niaba yake sala ile ya asubuhi, amefika kwenye majina ya watoto.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, na mdogo wake mmoja, dereva mstaafu, ambaye ndiye huyu anayewasomea, na ambaye kwa miaka yote ile alidhani amesahauliwa, kumbe aliombewa kila asubuhi.

Pumzika kwa amani, kaka.